Lumbesa

Andongwisye, mdogo wangu,
ujumbe wako uliingia saa nne usiku
na alama tatu za kuuliza mkiani:
Dada, fizikia inalipa???

Niliusoma Mafinga, chumba cha kupanga,
baridi ya Julai ikipenya chini ya mlango.
Nikaona hili si la kujibiwa kwa kidole gumba.
Nimeshuka Isyonje ukungu haujainuka,
nikakukuta unashona magunia ya mama.

Haya, shika kalamu.
Andika nyuma ya risiti ya mbolea.

Mshahara wa kwenye karatasi: laki saba na sitini.
Usiushangilie, bado haujafika.
Bodi ya Mikopo inakata kumi na tano kwa mia,
laki moja na elfu kumi na nne,
kila mwezi, bila hodi.
Kodi. Mfuko wa uzeeni. Bima. Chama
nisichokumbuka nilijiunga lini.
Kinachobaki kimeshapewa majina:
Tupokigwe na ada yake, bibi na dawa zake,
mwenye nyumba na kikohozi chake cha tarehe mosi.

Kabla ya hapo andika miaka mitatu mitupu.
Wa kwanza nilifundisha tuisheni nyuma ya soko la Mwanjelwa.
Wa pili niliuza vocha.
Wa tatu uache hivyo hivyo, bila neno.
Miaka yote hiyo mimi sikuwa na kazi;
deni lilikuwa nayo.

Unataka na wenzangu? Luvanda
anafunga sola Makambako, ananizidi mara mbili,
na nusu ya tuliyoyakesha hajayagusa tena.
Sigwava, aliyetuongoza darasa zima,
anafuga nguruwe kwao Ludewa.
Ukimpigia, kabla ya salamu, anakuuliza bei ya pumba.

Ngoja, mnunuzi kafika.

Anataka lumbesa, kama kila mwaka:
gunia lenye nundu, nundu isiyolipiwa.
Namwambia tupime. Anacheka, anatundika mizani yake.
Nachota maji lita kumi, natoa uzito wa ndoo,
namwonyesha mshale: nane.
Maji hayana shangazi mjini, kaka.
Kumi ni kumi.

Mama ananitazama kana kwamba nimetoa njiwa kwenye kanga.
Usidanganyike, Andongwisye.
Hiyo ni ya kidato cha kwanza.
Haikuhitaji mkopo.

Mkopo ulinunua kitu kingine,
na sijui nikiandike upande gani wa risiti.
Mwaka wa pili, maabara, taa zimezimwa,
nimebana jicho kwenye darubini ndogo:
tone la mafuta, dogo kuliko vumbi,
linaanguka. Nikazungusha kitufe, polepole,
umeme ukalivuta juu kadiri ardhi ilivyolivuta chini,
likasimama.
Hewani. Halipandi, halishuki.
Nilisahau kwamba sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Unakumbuka mwalimu wa sayansi alivyotukaririsha?
Tungamo haibadiliki, uzito hutegemea mahali.
Deni langu lina tungamo ileile tangu nisaini
(nadanganya, limenenepa),
lakini Januari, watoto wanapodai sare,
siwezi kulibeba ngazi tatu,
na siku mtoto wa nyuma kabisa anaponyoosha mkono
kuniuliza kwa nini mwezi hauanguki,
nalitafuta mfukoni silioni.
Siku hizo ni chache. Nimezihesabu.
Mwaka jana zilikuwa sita.

Ndiyo hesabu yangu. Haijafunga.
Sikwambii jaza fomu, sikwambii chana.

Umekunja risiti, umeitia mfukoni,
na katika yote hayo umeuliza swali moja tu,
wala halikuwa la pesa:
Lile tone, dada, lilisimama muda gani?

Mama anaita.
Shika masikio ya gunia upande ule.
Nyanyua kwa miguu, si kwa mgongo.
Dakika kumi na moja.