Kisima Katikati

Usinipimie haraka, kijana wa kamba na rangi nyekundu.
Kigingi hicho umekipiga juu ya jiko langu la kwanza.

Tulishushwa hapa na lori la serikali, familia arobaini,
kutoka milima ya Potosi, kule ambako hata pumzi ni ya kukopa.
Tuliambiwa nchi ya bondeni haina mwenyewe.
Casiano alipakata gunia la mbegu za viazi,
viazi vya baridi, viazi vya babu yake,
vikaoza ndani ya wiki, vikitoa maji meusi kama wino.
Hivyo ndivyo tulivyoanza: tulizika viazi
kabla hatujazika mtu.

Waliochora ramani walichora jua:
kisima katikati, nyumba zikikizunguka,
na mashamba yakitoka kwetu kama miale,
membamba mlangoni, mapana huko porini.
Nilijua Gregoria hana chumvi
kwa jinsi alivyovuta kamba ya ndoo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi tulikuja na majembe yetu begani
na hatukumwona wa kutuhesabia siku,
mpaka alipotokea mama wa Kiguarayo, mtoto mgongoni,
akasimama ukingoni mwa moto wetu
akiutazama mti tuliokuwa tunauangusha.
Hakupiga kelele. Alituuliza jina lake.
Hatukulijua.
Akatuachia mihogo mitatu juu ya gogo, akaenda zake.

Mpunga ulisimama kati ya visiki vilivyoungua,
mrefu, mzito, tukaingia kiburi.
Mwaka wa nne nyasi zikatushinda.
Tukasogea mbele na panga, msitu ukasogea nyuma,
kama wawili wanaosukumana kitandani
hadi mmoja anaanguka.

Kisha soya.
Soya haitaki mtu, inataka trekta, dawa na benki.
Casiano akakopa, akavuna, akalipa, akakopa.
Mwaka mto ulipovunja kingo alivuna tope,
na nusu ya mwale wetu ikaenda kwa bwana
ambaye uso wake siujui; naijua ndege yake,
inyunyizavyo alfajiri, na kuku wangu
wanavyotembea kilevi baadaye.

Wilmer, kitinda mimba, sasa anauza mabati na saruji
palepale Gregoria alipopanda karanga.
Biashara haijambo. Kila lori linaloshuka milimani
huja na mtu anayetaka paa.
Nieves anapiga deki hospitali ya Santa Kruz,
na kila mwisho wa mwezi ananitumia pesa ya mchele.
Ya mchele! Mimi, niliyewahi kulala juu ya magunia
kwa kukosa pa kuyaweka.

Nenda kakione kisima. Wamekifunika zege,
magari yanakizunguka, nacho hakimnyweshi mtu.
Juu wamesimamisha sanamu ya mkulima, ametazama benki,
ameshika jembe kama mtu aliyeshika mwavuli.
Siku ya uzinduzi nilicheka mpaka Wilmer akanifinya.
Casiano hakucheka. Alisema, angalau
viatu wamempa vya kweli, vilivyopasuka.
Mwezi uliofuata tukamzika, mahali ambapo
karatasi yako hiyo inapaita "eneo la maegesho."

Unataka hati, ninazo, zimo ndani ya kopo la maziwa.
Unataka mpaka: pale, karibu na mguu wako wa kushoto,
ndipo aliposimama yule mama.
Jina la mti nimeliuliza sokoni miaka thelathini,
kila mtu ananipa lake.
Hata leo silijui, na kisiki chake
nilikipikia mwenyewe, siku nne kilidumu.

Haya, kunywa chai yako, inapoa.
Halafu usogeze hicho kigingi.
Ukichimba kidogo utaona bado kuna majivu.