Mlima Usiotembea

Nsimire ameniandikia: Mama, njoo mvua ikikatika,
panda ndege Kigali, mimi nitakungoja chini.
Chini, anasema, kwa sababu mji wenyewe uko juu,
mawe matupu juu ya mlima,
na gari haliingii. Linaachwa nje ya lango
kama viatu.

Nimecheka peke yangu kati ya magunia ya maharage.
Nani wa Kadutu aliyewahi kuogopa kupanda?

Basi, kwenye daftari la madeni,
nyuma ya ukurasa wa Mama Nabintu ambaye halipi,
nimeandika SAFARI, nikapiga mstari.
Pasipoti: imetoka. Katika picha
nafanana na mtu aliyeiba mbuzi.
Viza: ubalozi uko Kinshasa,
na Kinshasa, kwetu, ni ng'ambo.
Koti: nimeliona kwenye mitumba ya Nyawera,
la kijani, halina kifungo kimoja;
muuzaji anasema baridi haipiti kwenye tundu dogo hivyo.
Sambaza kavu, kilo moja, zifungwe mara tatu,
mbwa wa uwanja wa ndege wasije wakanidai.

Sambaza ni za bibi Assunta.
Yeye ndiye anayemlisha mwanangu,
au mwanangu ndiye anayemlisha yeye,
kwa kijiko, mara tatu kwa siku.
Ana miaka tisini na miwili, kaandika Nsimire,
na analala katika chumba alichozaliwa.

Hapo nikaacha kucheka.
Chumba kile kile!
Mimi nimehama mara tatu bila kutoka kiwanjani.
Kwanza mlima ulichukua jiko.
Kisha choo, na mgomba uliokuwa umeinamia mkungu wake.
Kisha, usiku wa Novemba, ukuta wa upande wa Cikuru,
na Cikuru alikuwa amelala upande wake.

Sisemi zaidi. Hii ni orodha ya safari.

Padri alinifungulia ramani sakristia.
Italia ni buti, akasema, tazama kisigino.
Nikamwambia, Padri, hata sisi tunayo La Botte,
ile pale, mguu wa matajiri ndani ya ziwa.
Akacheka. Mimi nilikuwa natafuta mlima
na ramani yake ilikuwa bapa kama chapati.

Kanisa lao nitaliona, kwa adabu.
Picha zao nitazisifu.
Lakini nikifika nataka kwanza kuugusa ukuta,
kiganja kizima, kama unavyompima mtoto homa,
halafu Nsimire anitafsirie, asipunguze neno:
Mliupa nini mlima huu hata ukakubali kukaa?
Maji ya mvua mliyaambia yapite wapi?
Nani alikuwa wa kwanza kukatazwa kujenga,
na alipokatazwa, alipewa wapi pa kulala?

Jumapili baada ya misa najizoeza.
Napanda kutoka Funu kwa ngazi za viroba vya mchanga,
navihesabu kwa sauti, watoto wananifuata wakiitikia.
Juma lililopita vilikuwa mia mbili na kumi na vinne.
Leo mia mbili na vitano.
Tumehesabu tena, polepole.
Mia mbili na vitano.

Usiku simu imelia.
Bibi anauliza, amesema Nsimire,
kama mgeni wetu wa mlimani anakula njugu za miti yao,
zile za kuchoma, zenye ganda la kahawia.
Mwambie anakula.
Anauliza tena kama magoti yako ni mazima.
Mwambie ni mazima.
Na huko, Mama, kunanyesha?
Nikamwambia mtandao unakatika.

Nimeongeza njugu kwenye orodha, sijui kwa nini,
maana huko ndiko ziliko.
Kisha nimelifunga daftari katika mfuko wa plastiki
na kuliweka juu ya kabati, upande wa Nsimire,
upande ambao bado upo.