Inchi Mbili

Inchi mbili tu, alisema Parpia,
uniinulie gari inchi mbili,
akanionesha kwa vidole, kama mtu
apimaye chumvi ya mchuzi.
Landikruza ya mwaka themanini na saba:
mwili umeliwa na chumvi ya Kizingo,
roho ingali changa.

Springi zimetoka Dubai ndani ya boksi la manjano,
shokamzoba nne, nyekundu kama kucha za biharusi,
na karatasi ya maelezo kwa lugha tatu,
hata moja haiyataji matope ya Mwakirunge.
Nikazigonga kwa spana. Nikasikiliza.
Chuma cha dukani nakiamini
kama ninavyoamini salamu za mgombea kura:
naitikia, mkono mmoja juu ya mfuko.

Ukiinua mwili, kila cha chini chalalamika.
Bomba la breki lawa fupi,
propela yatetemeka mabega kwenye mwendo wa sitini,
fimbo ya usukani yakaa mshazari.
Kuinua gari ni kuomba radhi
kwa kila nati uliyoihamisha kwao.
Basi nikakata bamba, milimita sita,
nikachora kwa chaki, nikatoboa,
nikachomea kishikio cha fimbo kwa mkono wangu,
mimi Mejumaa binti Kombo, fundi wa Jomvu,
miaka kumi na tisa ndani ya cheche.
Mshono ukalala kama darizi ya kofia ya viua.
Nilimwita Tsuma aje autazame.

Jumamosi alfajiri tukaenda machimboni,
yale yaliyoachwa, nyuma ya Mwakirunge,
mawe yalikokatwa yakawa nyumba za watu
na mashimo yakabaki yetu.
Tsuma akalala kifudifudi na tochi;
kazi yake masikio.
Parpia akakumbatia chupa ya kahawa
akasimama mbali, kama baba nje ya wadi ya uzazi.

Nikatia gia nzito.
Gurudumu la mbele kushoto likazama shimoni,
la nyuma kulia likapanda hewani, likazunguka bure.
Gari likajinyonga kiuno.
Springi zikakunja, zikakunjua, bila neno.
Mara ya pili. Bila neno.
"Dubai haijambo!" Tsuma akapaza sauti.
Sikuipenda furaha yake.

Mara ya tatu, na kilo mia tatu za kifusi nyuma,
kwiii
halafu ka.
Usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu,
mwepesi kama mkono wa mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Nilijua kabla sijashuka.
Hata hivyo nilitamani iwe springi.
Mungu anisamehe, nilimwombea mgeni aaibike.
Tsuma akaelekeza tochi, akanyamaza,
na kunyamaza kwake kukanitaja jina.
Darizi ilikuwa imefumuka.
Juu, shanga za fedha. Ndani,
chuma hakikuwahi kushikana na chuma:
majirani wawili wanaosalimiana ukutani
miaka nenda miaka rudi, bila kupigiana hodi.

"Heri hapa," alisema Parpia, akinimiminia,
"kuliko mteremko wa Kwale na wajukuu nyuma."
Sikujibu. Tangawizi ilikuwa kali na niliihitaji.
Wasemao kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi
hawajaulizwa bei ya koleo.

Daftari, ukurasa wa arobaini:
Springi, nzima.
Shokamzoba, nzima; moja yatoka jasho, itazamwe.
Kishikio, kimekatika, shimo la tatu, na mzigo.
Kosa
(hapo kalamu iligoma kidogo)
la mchomeaji.

Usiku ule nikakata bamba jingine, milimita nane.
Nikasugua rangi, nikasugua kutu, hata chuma kikawa uchi.
Nikaongeza moto. Mshono ukatoka mbaya,
mnene, wa makunyanzi, kama kovu la jembe.
Nikaupiga nyundo hadi jirani akagonga bati.
Haukusema kitu.

Kile cha kwanza nimekitundika kwa waya juu ya benchi,
upande wa ndani ukitazama mlango.
Wateja huuliza, hiki cha gari gani?
Nawaambia, changu.