Namba ya Mlangoni

Mlango wa ghala, Shimanzi, rangi nyeupe ya mafuta:
73939133.
Milioni sabini na tatu, laki tisa,
elfu thelathini na tisa, mia na thelathini na tatu.

Mwanamize karani aliigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tisa,
nyuma ya stakabadhi za chai, hadi wino ukamwishia.
Kila mara pakabaki kitu.
"Namba tasa," akasema. Makuli wakainamisha macho:
kule Majengo, neno hilo alipewa yeye.

Chumvi ikala tarakimu ya mwisho. Akajaribu tena. Tasa.
Masika yakabeba ya pili: 739391. Tasa.
Toroli likakwangua ya tatu,
na iliyosalia ikakataa vilevile kugawika.

Usiku, daftarini, aliiandika nzima,
akaitafutia ya kuifuata kulia:
moja, tatu, saba, tisa.
Zote zikagawika. Basi, haizai.
Akacheka peke yake, taa ikatikisika.

Mwaka aliostaafu, mlangoni ilibaki
7.
Akaipapasa. Unga mweupe ukamganda kidoleni.
Hata alipofika Majengo,
hakunawa.