Daftari la Mvua

Usiku wa kuamkia Mtakatifu Lusia
mama hupanga mabonge sita ya chumvi
juu ya ubao, nje, penye umande:
Januari, Februari, hadi Juni.
Bonge litakaloyeyuka ndilo mwezi wa mvua.
Kukipambazuka huyabonyeza kwa kidole gumba,
kisha hunitazama mimi, Ivonete,
mwenye chupa na rula na kalamu inayovuja.

Mimi huamini chupa.
Nimeifunga kwa waya kwenye nguzo ya zizi,
mbali na paa, mbali na mti wa umbu,
na kila saa moja asubuhi naiendea
kama mtu anayekwenda kukagua mtego.
Huku Cariri, bara kavu la Brazili,
mtego aghalabu ni mtupu. Naandika sifuri.
Miaka thelathini na mmoja ya sifuri,
zimejipanga kama mayai yaliyosuswa na kuku.

Baba ndiye aliyelianza daftari.
*Machi tisa: milimita arobaini na moja. Pintada amezaa.*
*Aprili: hakuna. Tumemuuza Pintada.*
Haelezi zaidi ya hapo.

Nilipojifunza kuchora mistari
niliona kisichoonwa na macho ya siku moja:
mvua haikupungua sana kwa jumla,
imeingiwa na pupa.
Zamani ilikuja mara thelathini, ikinong'ona.
Sasa huja mara tisa, ikibomoa;
hukipa kijito, kijito humpa jirani, jirani huipa bahari,
sisi tukabaki na tope la kufuta miguuni.
Na baina ya mvua ya kwanza na ya pili
pana pengo la siku ishirini na mbili.
Hapo ndipo tunapofia.
Mahindi huota, huchekelea, hunyauka.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa.
Dalili ya mavuno ni wingu la pili.

Basi mwaka huu nilimwambia mjomba Deoclécio,
gunia lake la mbegu likiwa limeshafunguliwa:
"Mvua ya kwanza ni ya tangi, si ya shamba."
Alicheka hadi kofia ikamdondoka.
Akapanda. Mimi nikapanda ngazi,
nikasugua mifereji ya paa;
maji ya mwanzo nikayamwaga na vinyesi vya mijusi
na vumbi la miezi minane,
yaliyofuata nikayafungia: lita elfu kumi na sita,
kwa vinywa vitano, kwa siku mia mbili na arobaini,
lita kumi na tatu kila mmoja,
na tone la mgeni.
Shambani nikalaza mawe kukingama mteremko,
nikangoja. Kungoja kulinichoma kuliko jua.
Siku ya ishirini na nne, wingu la pili.
Mtama. Kunde. Sikucheka;
nilimpelekea mjomba debe la mbegu, usiku, bila salamu ndefu.

Jana nikipekua kurasa za baba
nikakuta, pembeni, kwa penseli hafifu,
kila Desemba kumi na tatu:
*Chumvi: Machi. Chumvi: Februari. Chumvi: hakuna.*
Miaka yote kumi na tisa aliyoandika yeye.
Nami nikakumbuka mabonge ya miaka yangu kumi na miwili,
nikahesabu. Mara kumi na tatu ilipatia.
Kumi na tatu kati ya thelathini na moja.

Sijamwambia mama.
Ila nimepiga mstari mpya kwenye daftari,
safu nyembamba, karibu na ukingo,
na jioni nimemsogezea ubao
mpaka chini ya chupa.