Daftari la Bi Barke

Alhamisi hii zamu ilimwangukia Khultum,
nyumba ya Mkomani, ngazi zake ni mtihani wa magoti.
Mlangoni tuliacha viatu jozi kumi na tatu
na kandambili moja ya Mwanashee;
mwenzake alikuwa mdomoni mwa punda wa jirani.

Tukaanza kama ada: Fatiha kwa waliotutangulia,
kisha kahawa, kisha umbeya wa dakika tano
(tano zetu, si za saa).
Shamsa akasoma hadithi aliyoikata gazetini.
Tima akasoma barua ya mwanawe aliyeko Jeddah,
akaruka mistari miwili,
nasi tukajifanya tunatafuta sukari.

"Na wewe, Bi Barke?"

Miaka mitatu anakuja na sinia la kaimati,
anakaa karibu na mlango, anasikiliza,
na zamu ikimfikia: "Mimi sikusoma, wanangu. Nirukeni."

Leo alivaa miwani,
mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi,
akatoa chini ya buibui daftari la duka,
lile la jalada jekundu,
linalonuka iliki na mafuta ya taa.

Akasoma, kidole kikitangulia, sauti ikifuata nyuma:

"Mwezi tatu, Rajabu. Sukari nusu. Mama wa pacha.
Hakunitazama usoni.

Mwezi ishirini. Mchele kilo mbili. Yule yule.
Leo kacheka.

Ubani na udi. Nyumba ya kona.
Bei sikuandika.

Maziwa ya kopo. Bibi harusi wa juzi.
Macho mekundu, akasema ni vitunguu.
Vitunguu hakununua."

Kikombe changu kiligoma njiani.
Kopo lile nalijua. Nililitoboa kwa msumari,
nikalinywa lote nimesimama jikoni,
nikihesabu siku tangu nitolewe kwetu:
tisa.

Hakuna aliyepiga makofi.
Mama wa pacha alikuwa akifuta kisichofutika
kwenye pindo la leso yake.
Kipaza sauti cha msikiti kikakohoa, magharibi imekaribia,
na Khultum, ambaye huwa wa kwanza kutuhimiza tutawanyike,
akasema tu, "Ongeza."

Bi Barke akalowesha kidole, akafungua ukurasa.

Tulipokuwa gizani tukipapasa viatu,
Tima akauliza kwa sauti ya chini:
"Na madeni, Bi Barke?"

"Madeni yapo," akasema, akibana daftari kwapani.
"Nimesoma. Sikufuta."