Chaja ya Saa Kumi

Dukani kwa Shebughe, Barabara ya Nane,
niliwekewa mbili mezani.
Moja hujaza kwa saa moja, ikichemka kama pasi.
Ya pili saa kumi,
lakini kila betri na taa yake.

Nikachukua mvivu.

Sasa zimelala nne juu ya friji.
Nyekundu, nyekundu, kijani, nyekundu.
Migongoni nimeandika tarehe kwa maka peni,
jozi isije ikatengana.
“Za kawaida usizitie,” alinionya Shebughe, “zitatapika.”

Alfajiri Mwanasha anabisha,
mkono wa dera keshaupandisha:
“Nipime presha, jirani.”

Kijani. Kijani. Kijani.

Ile ya Machi inapepesa tu, haishibi.
Nimeihamishia saa ya ukutani,
kazi ya mstaafu:
kusukuma mshale,
bila kuulizwa damu ya mtu.